Mbegu Inalalaka Nyumba Mbili

Nilikula mbegu yangu mwenyewe kwenye kilio. Niseme mara moja, kwa sababu tangu siku ile watu wa Nyamitaba wanasema eti koko huyu, bibi mzee huyu, alilia sana juu ya Mama Konsolata, alisukuma sahani, alikataa chakula, aliletewa maji. Nililia, ndiyo. Konsolata alikuwa jirani yangu tangu ningali na meno yote. Lakini sahani sikuisukuma juu ya huzuni. Niliisukuma juu ya hasira. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai la shitingi nyuma ya nyumba yake, wamama upande mmoja, wapapa upande mwingine, na muke wa kijana wake, yule wanaita Mama Divine, alikuwa anagawa bugali na maharagi. Nikaweka kijiko. Nikatazama. Katika mchuzi niliona ile nyeusi ndogo yenye tumbo nyeupe. Kando yake ile ya manjano, na ile ndefu yenye madoa kama yai la kware. Muntu ambaye amepanda maharagi miaka yote hii hawezi kusahau uso wa maharagi yake. Nikamwita yule binti: «Mama Divine, maharagi hii mulitoa wapi?» Akanijibu kwa heshima, masikini, magoti yamekunjwa: «Koko, ilikuwa mu kitunga kimoja kimetundikwa juu ya moto. Mama alikuwa anaiweka tu, haikuliwa. Tukasema bantu ni wengi, juu ya nini ioze?»

Juu ya nini ioze! Nikashika kinywa. Kwenye kilio muntu hapigi kelele ya shamba. Lakini ndani yangu kulikuwa kunachemka kuliko ile sufuria yao. Kitunga kile kilikuwa changu. Kilikuwa kimelala kwa Konsolata tangu mavuno yaliyopita, kama vile kitunga chake kililala kwangu kila alipovuna yeye. Na sasa watu makumi kwa makumi walikuwa wanatafuna, wanafuta midomo, wanasema maharagi ya hapa ni tamu. Ni tamu kweli! Ningependa iwe tamu ndani ya udongo.

Nikashuka nyumbani na mguu wangu ule mubaya, na huko njo nikakuta kitu cha pili. Mujukuu wangu Neema alikuwa amekaa kwenye meza ya mbele. Neema anasoma agronomia Goma. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa shule ya msingi na nikaachia hapo, lakini mujukuu wangu anajua kupima mteremko wa kilima na miti mitatu iliyofungwa pamoja na jiwe linaloning'inia kwenye kamba. Anachimba mtaro na maji ya mvua hayabebi udongo tena. Nimemuonyesha kwa watu wote kanisani. Najivunia yeye, na asiyependa kusikia anaweza kuziba masikio. Siku ile alikuwa na karatasi kubwa, kalamu tatu za rangi, na furaha. «Koko, njoo uone. Njo jardin yetu ya mwaka kesho.» Nikakaa. Alikuwa amechora bustani yangu ya nyuma ya jikoni, lakini mimi sikuijua. Iligawanyika kama madirisha. Hapa shu, ile kabeji, pale puaro ya majani kama kitunguu, huku karoti. Mateke, magimbi yetu yanayokunywa maji ya kuoshea vyombo, hakuna. Lengalenga, ile mchicha inayoota yenyewe bila kuombwa, hakuna, eti ni majani mabaya. «Watu wa Rubaya wanachimba mawe, Koko, hawalimi. Shu yote tutakayopanda watakula.» Sawa. Na maharagi? «Maharagi tutapanda aina moja tu. Hii yako imechanganyika, Koko. Muchanganyiko ni uchafu. Nimeshaanza kukusaidia.» Akanionyesha lungo. Mbegu yangu, pamoja na ile ya Konsolata iliyolala kwangu, ile ya mwisho, ile iliyobaki duniani baada ya wale wa kilio kufuta midomo, ilikuwa imemwagwa juu ya lungo na kugawanywa kwa rangi, malundo manne. «Hii nyekundu njo tutaweka. Hizi zingine tutapika kesho.»

Sikumpiga. Namshukuru Mungu kwamba mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa meza. Lakini lile neno, uchafu, lilinipiga mimi. Kwa sababu nililijua. Nililisema kwa kinywa changu hiki, kwenye kiwanja hiki hiki, mwaka nilioolewa.

Nilipanda kutoka Kashebere nikiwa na miaka kumi na saba. Kashebere ni huko chini, upande wa Walikale, kwenye joto na mawese, na kwetu mbegu si kitu cha kuwaza. Manioki, ule muhogo, unavunja kijiti, unachoma chini, unaenda zako. Ndizi inazaa mutoto pembeni, unamutenga, imekwisha. Hakuna muntu wa kwetu aliyewahi kuweka mbegu juu ya moto na kuichunga kama mutoto mugonjwa. Nilipofika huku juu nilikuta baridi inayoingia mpaka ndani ya jino, na jikoni ya mama-mukwe wangu, jikoni nyeusi kwa moshi mpaka huoni kuta, mafiga matatu, mlango mufupi wa kuinamisha kichwa. Juu ya moto, kitunga. Kilikuwa kimepakwa mavi ya ng'ombe ndani na inje mpaka kikawa kigumu kama chungu, na mbegu ilikuwa imechanganywa na majivu ili wadudu wasiingie. Asubuhi tulikula mateke yaliyobaki ya jana, pamoja na maziwa ambayo Konsolata alileta kwenye kibuyu. Watu wake walikuwa watu wa ng'ombe, ngambo ya kilima, sisi watu wa jembe. Mimi nilikaa pembeni ya mlango, kwa sababu mahali karibu na moto palikuwa pa mwenye nyumba, na siku ya kwanza hakuna aliyeniambia sogea.

Siku moja nilikuwa nakwangua sufuria nyuma ya ukuta, na wao wawili ndani hawakujua kwamba nasikia. Konsolata wakati ule alikuwa kijana bado, amenipita miaka michache tu, lakini tayari alikuwa na watoto watatu na ulimi. Akauliza: «Ule mutoto wa manioki, anajua jembe?» Mama-mukwe akajibu: «Anajua kucheka.» «Ata hiyo ni kazi.» «Kama kucheka kunaotesha maharagi, mwaka huu tutakula mpaka tupasuke.» Wakacheka wote wawili, wakagonga mikono. Mimi nilikwangua ile sufuria mpaka nikatoboa. Kweli, ilitoboka. Nikasema moyoni, ngoja. Mutaona nani anajua jembe.

Basi mwaka ule ule alikuja papa mmoja agronome, na wamama vijana waliitwa kwenye uwanja wa parokia kufundishwa. Alikuwa na viatu vya mpira virefu na kofia, na alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Mbolea aliyotufundisha naitumia mpaka leo. Lakini alishika kiganja cha maharagi yetu, akakiinua juu na kusema: «Wamama, muangalie. Huu ni uchafu. Muntu mwerevu anapanda aina moja.» Wengine wakaguna. Mimi sikuguna. Nilimeza lile neno kama dawa. Nilirudi nyumbani nikipanga bustani ndani ya kichwa, mstari kwa mstari, kama vile Neema alivyopanga kwenye karatasi. Mwaka kesho nyuma ya jikoni kutakuwa kusafi. Mwaka kesho hakuna atakayeniita mutoto wa manioki.

Mungu akanipa nafasi, ao shetani, sijui. Baada ya mavuno, mama-mukwe alienda kumuangalia binti yake aliyekuwa karibu kuzaa, mbali, na angekaa mpaka mutoto apate nguvu. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na kitambaa kichwani. Akasema maneno mawili tu: «Mvua ikianza, panda kama uliona mimi napanda. Na kitunga upeleke kwa Konsolata.» Hakusema juu ya nini. Huyo njo alikuwa yeye, na nitamlaumu kwa hiyo mpaka kaburini. Watu wa huku wanafikiri kila muntu alizaliwa akijua desturi yao. Mimi niliona nini? Niliona muke wa jembe anavuna, anajaza maharagi mazuri, anayapeleka ngambo kwa watu wa ng'ombe, kama muntu anayelipa ili aachwe aishi. Nikasema hapana. Mimi si mutumishi wa muntu. Wanywe maziwa yao, sisi tule maharagi yetu. Kitunga sikukipeleka.

Nikamwaga mbegu yote juu ya lungo. Siku nne nilichagua. Nyeupe kubwa hapa, zingine zote pale. Zile nyeupe zilikuwa nzuri kama meno, kila moja sawa na dada yake. Zingine nikasema ni uchafu, nikazipika. Kila siku, sufuria imejaa, na bwana yangu alikula, akaongeza, akasema, «Wewe unajua kupika.» Hakuuliza hata mara moja maharagi mengi hivi yanatoka wapi! Alizaliwa ndani ya jikoni ile, alikunywa moshi wa kitunga kile, na hakuuliza. Nimemsamehe mengi yule mwanaume, Mungu amuweke pema, lakini hilo bado naliweka kando, halijasamehewa.

Mama-mukwe alirudi maharagi yakiwa yameshika miti na kuanza kupanda juu. Nilikuwa nimeyapanga kwa kamba. Nilisimama pembeni yake nikingojea sifa, mujinga mimi, mikono imefungwa mbele kama mwanafunzi. Akatembea mstari wa kwanza, akatembea wa pili. Akagusa jani. «Zingine ziko wapi?» «Tulikula, Mama.» Akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni. «Na ya Konsolata?» «Sikupeleka.» Nilitaka aniseme. Akasema tu: «Basi.» Akainuka, akaenda kupalilia mateke yake kwenye maji machafu, na jioni ile alisogea kidogo na kuniachia mahali karibu na moto. Hiyo iliniogopesha kuliko fimbo.

Halafu mvua. Hapa mvua ni ndugu yetu, lakini mwaka ule ilikuja kama mugeni asiyejua kuaga. Ilinyesha mpaka udongo ukawa uji. Ile nyeupe, ile nzuri, ilianza kuwa ya manjano chini, halafu ikawa nyeusi kwenye mzizi. Ulivuta mti, maharagi yote yakakuja mkononi kama uzi. Nilitembea kwenye vilima nikatazama mashamba ya wengine. Hao wote walikuwa wamelia pia, lakini si kama mimi. Pale palikufa nyeupe, kando yake nyeusi ndogo ilisimama. Pale manjano ililala, ile ya madoa ilikuwa inatoa maua. Muchanganyiko wao ulikuwa umeumia mkono mmoja. Wangu ulikatwa kichwa. Ndiyo, sokoni kulikuwa na maharagi. Lakini maharagi ya soko ni ya kupikwa kwenye chungu tu. Hujui yalizaliwa wapi wala yanaogopa nini. Na kwenye chemchemi, wanawake walikuwa wamenipa jina. Nilikuwa napanda na bidon ya maji mgongoni, nikasikia mmoja anamwambia mwenzake: «Mupishe njia. Mama Pika-Mbegu anapita.» Wakacheka ile ya kubana pua. Nilibeba jina lile mwaka mzima. Hata mwalimu wa katekisimu alilitumia siku moja, akajifanya amekosea.

Tulikula mateke. Asubuhi mateke, jioni mateke, na lengalenga ile inayoota yenyewe, ambayo mimi nilikuwa nimeing'oa, ikarudi bila kinyongo. Maziwa hayakuja tena, na nikasema, unaona, watu wa ng'ombe, kitunga hakikuenda na kibuyu hakikuja. Sikujua kwamba kwa Konsolata ng'ombe walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa midomo, hawanyonyeshi hata ndama wao. Sikujua kwa sababu sikuuliza.

Karibu na kupanda tena, siku moja ya ukungu, tulikuwa jikoni, mimi na mama-mukwe, tunamenya. Mlango ukafungwa na mwili wa muntu. Konsolata, amekonda, shingo imetoka, mutoto mgongoni mwenye macho makubwa. Kichwani, kitunga. Kitunga cha mwaka wa nyuma, kimejaa, majivu bado juu. Akakiteremsha, hakusalimia. Mama-mukwe akatazama yule mutoto, akatazama kitunga. «Hamukukula?» Konsolata akajibu kama muntu aliyeulizwa kitu cha ujinga: «Mupya haikukuja. Zamani ningeikula namna gani?» Njo nikaelewa, mimi niliyesimama pale na kisu. Hakikuwa chakula. Hakikuwa malipo. Mbegu mupya ikifika, ile ya zamani inapikwa. Mupya isipofika, ya zamani inabaki, hata kama watoto wanalala na maji. Muke yule alikuwa na njaa ndani ya nyumba na maharagi juu ya moto wake, na hakuyagusa, kwa sababu mutoto mmoja wa manioki alikuwa na kiburi.

Nikasema, machozi yananitoka: «Asante, Mama.» Wote wawili wakanigeukia pamoja kama waliopanga. «Nyamaza!» Mama-mukwe akaweka mkono juu ya kitunga kama muntu anayefunika mutoto asisikie. «Mbegu haishukuriwe. Ukiishukuru inasema imefika, inalala, haioti.» Halafu njo akanieleza, kwa mara ya kwanza, na kwa sauti ya ukali: «Nyumba inaunguaka. Panya anaingiaka. Muntu anakimbiaka, anaacha kila kitu. Lakini haiwezekani nyumba mbili zifwe siku moja. Ulisikia?» Nilisikia. Nilitegemea yeye mwenyewe achukue kitunga. Akakisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu. «Panda wewe.» Na Konsolata, yule mwenye ulimi, akanitazama toka juu mpaka chini: «Haya, Mama Pika-Mbegu. Kuanzia leo ni wewe na mimi. Ukipika tena nitakuja na fimbo.» Siku ile aliondoka na mateke, yote tuliyokuwa nayo jikoni.

Hakuja na fimbo. Alikuja na kitunga, kila mavuno, na mimi nilienda na changu. Tumekimbia kilima hiki na kurudi, si mara moja. Kuna mwaka nilirudi nikakuta nyumba ni alama tu chini, na mbegu ilitoka kwake. Kuna mwaka yeye njo alirudi mikono mitupu, na mbegu ilitoka kwangu. Kuna wakati watu wake na watu wangu hawakusalimiana barabarani, na hata wakati ule kitunga kilipita, chini ya kitenge kama mutoto. Wakubwa wa pande zote walifanya mikutano ya amani na viti vya plastiki. Hakuna aliyetuita sisi. Tungeenda kusema nini, eti tuna maharagi?

Hayo yote nilimwambia Neema, mbele ya yale malundo manne. Hakunikatiza, ni mutoto mwenye adabu. Halafu akasema: «Lakini Koko, aina moja inazaa zaidi. Tumeipima.» Nikamwambia: «Inazaa zaidi mwaka ambao mvua ina akili. Mulipima mwaka gani?» Akachukua nyeusi ndogo, akaigeuza kwenye mwanga. «Hii inaitwa nani?» Nikamtajia. «Na hii?» Nikamtajia. Aliandika majina kumi na moja, na mbele ya kila jina kile inachoogopa: jua, mvua, ugonjwa wa mzizi, wadudu. Halafu akarudisha mbegu yote pamoja kwa mikono yake, na mimi nikatazama mpaka punje ya mwisho.

Tuligombana juu ya karatasi siku mbili. Nilimpa upande wa chini, shu na puaro zake, awauzie watu wa Rubaya na apate ya kulipa masomo. Mtaro wake wa mteremko, ndiyo. Mateke yanabaki kwenye maji yao. Lengalenga inabaki mahali itakapojichagulia. Maharagi yote yanabaki yamechanganyika. Halafu nikachukua kalamu, mimi ambaye natia sahihi kwa shida, nikachora duara juu kabisa, upande wa kwa Konsolata, kwenye kona ya karatasi, inje ya kuta zake zote. Akacheka. «Koko, hii iko inje ya jardin.» «Njo inaanzia pale,» nikamwambia.

Kilio kilipoisha, nikapaka kitunga kipya. Nikakijaza nusu ya mbegu, nikapanda ngambo na mguu wangu mubaya, na hasira yangu bado mbichi, sikuiacha nyumbani. Mama Divine alinikuta mlangoni. Alikuwa ameshaambiwa na watu, nikaona kwenye macho. «Koko, sikujua. Mama hakunielezaka.» Bila shaka hakukueleza! Konsolata, na wewe pia, umekufa na kinywa kimefungwa kama mama-mukwe wangu. Nikamueleza mimi, yote, kwa sauti, mpaka majirani wakatoka kuangalia nani anagombana. Akasema: «Juu ya nini unaniletea mimi, mimi niliyepika?» Nikamwambia: «Muntu aliyeipika mara moja haipike tena. Namujua mmoja.»

Akakipokea kwa mikono miwili. Midomo yake ikaanza lile neno la shukrani, na mimi nikainua kidole. Akalimeza. Akaingia jikoni, akasogeza sufuria, akatafuta ule msumari wa Konsolata kwenye mti wa paa. Mimi nilibaki mlangoni, nimeinamisha kichwa ndani ya moshi. Sikuondoka mpaka nilipoona kinaning'inia.